Shukrani Haziingizi Bumu, Ila Zoezi Lenyewe Msilibeze

Msimu wa UE ukikaribia, lazima ukutane na staa mmoja Insta (simtaji, mnamjua) kafumba macho ufukweni, kaandika chini: wanafunzi acheni stresi, shukuruni tu. Laiki kama zote. Mwanachuo mmoja akikomenti kwamba bumu halijaingia na ana sapu mbili, anajibiwa kwa kopa jekundu. Basi.

Mimi naona mastaa wetu wanaliharibu jambo zuri. Kumwambia mtu "shukuru" ni kitu kimoja, zoezi la shukrani ni kingine kabisa. Mwaka 2003 Robert Emmons na Michael McCullough wa Marekani walichapisha majaribio waliyowafanyia wanafunzi wa chuo. Kundi moja liliandika mara moja kwa wiki, kwa wiki 10, mambo yasiyozidi matano ya kushukuru. Lingine likaandika kero. Wale wa shukrani waliyaona maisha yao kwa jicho zuri zaidi, na hata kulalamika kuumwa hapa na pale hawakuwafikia wenzao wa kero. Kumbe kazi ni kukaa na kalamu na kutafuta kitu chenyewe: rumeti kakubakishia wali, lekchara kaahirisha testi.

Ila tusidanganyane. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Ohio State walipozipitia tafiti 27 za mazoezi ya namna hii, walikuta yanapunguza sonona na wasiwasi kidogo tu. Kwa hiyo mwenzako ambaye wiki mbili halali, hali, na ameanza kusema bora asingekuwepo, usimpe daftari la shukrani. Mshike mkono mwende hospitali au kwa mshauri wa wanafunzi, leo hii. Hapa ndipo kopa jekundu linaponikera.

Kwa presha ya kawaida ya usiku wa kuamkia pepa, kura yangu naipa kulegeza misuli. Daktari Edmund Jacobson wa Marekani aliiandikia kitabu tangu 1929, kabla bibi zetu hawajazaliwa. Unakaza ngumi sekunde chache, unaachia taratibu, unasikilizia tofauti. Kisha mabega, taya, tumbo, mpaka vidole vya miguu. Wengi wetu tunasoma meno yameumana na mabega yamepanda masikioni bila hata kujua. Hakuna haja ya ufukwe wala mishumaa. Kitanda cha hosteli kinatosha, ingawa wa deka ya juu anaweza kuuliza unatetemeka nini.

Bumu litachelewa vilevile, na sapu itakusubiri. Lakini angalau utalala masaa manne ya maana.

Nyie mlioko chuo semeni ukweli: nani kashawahi kuandika kwenye daftari, bila kuposti, na ikamsaidia? Na staa wetu naye akipita hapa, atuambie anaandikaga nini kamera ikizimwa.