Tamko la Wakulima wa Ufuta na Wavuvi wa Pande, Kilwa, Kuhusu Sarafu za Mtandaoni

Sisi wakulima wa ufuta na wavuvi wa Pande, wilayani Kilwa, tuliojiunga katika chama cha kuweka na kukopa, tumekubaliana kutoa tamko hili juu ya sarafu za mtandaoni zisizo na benki kuu, ambazo madalali huzinadi kwetu kila malipo ya mnada wa ufuta yanapoingia.

Shida wanayoitaja ni ya kweli. Vijana wetu huenda dago, yaani kambi za uvuvi, hadi Msumbiji, wengine wako Oman, na fedha wanazoleta nyumbani huliwa na makato njiani. Kwa hesabu za Benki ya Dunia, kutuma dola 200 katika nchi za Afrika kusini mwa Sahara hugharimu takribani asilimia 8. Lengo la Umoja wa Mataifa ni chini ya asilimia 3 ifikapo mwaka 2030.

Tumeifuata safari ya fedha hiyo. Mvuvi aliyeko Palma, Msumbiji, anatoa metikali, ananunuliwa sarafu iliyofungwa kwenye thamani ya dola, na baada ya dakika chache imefika kwenye simu ya ndugu yake hapa Pande. Hadi hapo dalali hakudanganya. Lakini duka la Pande halitoi unga kwa sarafu hiyo, wala muuza petroli ya boti haipokei. Inabidi ndugu huyo amuuzie mtu asiyemjua, atumiwe shilingi kwa simu, kisha aende kwa wakala akakatwe ada ya kutoa, ikiwa wakala ana fedha taslimu. Shilingi hizo zikibainika ni za wizi, laini itakayofungwa ni yake, na mnunuzi keshapotea.

Juu ya hayo kuna kodi. Sheria ya Fedha ya mwaka 2024 imeweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya mali za kidijitali. Kodi hiyo pekee inamaliza lengo zima la 2030, nayo inatozwa kwenye kitu ambacho Benki Kuu ya Tanzania, katika tangazo la Novemba 2019, ilisema si fedha halali nchini.

Kilwa si mgeni wa sarafu. Shaba za masultani wetu zimeokotwa Zimbabwe Kuu na hata visiwa vya kaskazini mwa Australia. Ila zile zilikuwa na jina la sultani, na mwenye malalamiko alijua pa kwenda.

Kwa hiyo fedha za chama haziwekwi kwenye sarafu hizi, na dalali hatapewa nafasi ya kuzungumza ghalani siku ya mnada. Anayeahidi faida ya kila wiki tunamhesabu mcheza upatu, na tutamfikisha polisi. Mwanachama anayepokea fedha ya ndugu yake kwa njia hii hatumfukuzi. Tunamtaka aitoe siku hiyohiyo.

Benki Kuu tunaitaka itoe mwongozo kwa Kiswahili chepesi unaoeleza kinachoruhusiwa na pa kulalamika. Kampuni za simu nazo, ambazo tangu mwaka 2015 ziliweza kuunganisha M-Pesa ya Tanzania na ya Kenya, tunazitaka zitufungulie njia ya namna hiyo kwenda na kutoka Msumbiji, na makato yake yabandikwe kwenye kibanda cha kila wakala kabla ya msimu ujao wa ufuta.

Limetolewa Pande, Kilwa, kwa niaba ya wanachama wote.