Siku Moja Bandarini: Tuone Nini, Tuache Nini?



Wasomaji wetu watukufu, mama mmoja ametuandikia akitutaka shauri. Wanawe walioko Uingereza wamemkatia tikiti ya meli ya watalii itakayozunguka bahari ya Mediterania kwa muda wa juma moja. Miongoni mwa bandari zake zimo Málaga ya Uhispania, Palermo ya Sisilia na Valletta ya Malta. Meli husafiri usiku na kufunga gati asubuhi, na abiria hupewa saa chache za kutembea nchi kavu. Vijana wamekwisha kupanga kwamba siku ya Málaga watampeleka Granada akaione Alhambra. Naye magoti yanamsumbua, na anachelea kusema asije akawavunja moyo.

Kwanza tufanye hesabu. Kutoka Málaga hadi Granada ni kiasi cha kilomita 130, na basi huchukua karibu saa mbili kwenda, na mfano wake kurudi. Ikiwa meli imefika saa mbili asubuhi na abiria wanatakiwa wawe ndani saa kumi na moja jioni, karibu nusu ya siku itakwisha juu ya kiti cha basi. Isitoshe, Alhambra si nyumba moja. Ni ngome, makasri na bustani juu ya kilima, na tikiti ya makasri ya wafalme huandikwa saa ya kuingia. Mwenye kuchelewa huenda akakosa nafasi yake.

Hatusemi kwamba Alhambra si kitu, la hasha. Kutani mwake yameandikwa na kurudiwa maneno kwamba hapana mshindi ila Mwenyezi Mungu, na ukoo wa wafalme walioyaandika ndio ulioutoa mji huo mwaka 1492. Mahali penye mazingatio makubwa kama hayo pastahili safari yake na malazi yake. Hapafai kupitiwa mbiombio, jicho moja likiwa kutani na la pili kwenye saa.

Basi mama atafanya nini Málaga? Karibu na bandari ipo Alcazaba, na jina hilo asili yake ni Kiarabu, al-qasaba, yaani ngome. Ilijengwa na watawala Waislamu katika karne ya 11. Njia zake zina mwinuko, lakini ipo lifti ya kupandia. Humo mna bustani na mifereji ya maji, na mtu aweza kuketi kivulini akaitazama bahari.

Palermo nako tusitake mengi. Waislamu waliuteka mji huo mwaka 831, na Wanormani wakaunyakua mwaka 1072. Hata hivyo mfalme wao Roger wa Pili alimweka karibu mwanachuoni al-Idrisi, aliyemkamilishia kitabu cha jiografia mwaka 1154. Kwenye baraza ya kusini ya Kanisa Kuu la mji ipo nguzo ya zamani iliyochongwa aya ya Surat al-A'raf. Waliolijenga kanisa hawakuifuta. Mama akisimama mbele ya nguzo hiyo kwa utulivu, siku yake haikupotea.

Valletta uko juu ya kilima, lakini kutoka ufukweni ipo lifti ya kupandisha watu hadi bustani za Barrakka. Huko tunamshauri mama atege sikio, kwani Kimalta kimetokana na Kiarabu. Sita kwao ni sitta, saba ni sebgħa, kitabu ni ktieb, dunia ni dinja, na binadamu ni bniedem. Hata mfungo wao wa Kikristo huuita Randan. Mtu wa Pwani yetu hatahitaji mfasiri ili ajue kwamba lugha hii na yake zimechota kisima kimoja.

Kwa vijana tuna maneno machache. Visa ya Ulaya iwe ya kuingia zaidi ya mara moja, endapo meli itapita Uturuki au Tunisia kisha irejee. Saa zenu zifuate saa ya meli, kwani meli haimsubiri aliyetembea kivyake akachelewa. Adhuhuri na alasiri msafiri ana ruhusa ya kuzikusanya na kuzipunguza, basi sala isifanywe kisingizio cha pupa. Na anayeitamani Granada na aende na msafara ulioandaliwa na meli yenyewe, mradi mmoja wenu abaki na mama, tena abaki kwa moyo mkunjufu.

Mtume wetu, sallallahu alayhi wasallam, alimwamuru imamu apunguze kisomo kwa ajili ya wazee na wagonjwa walioko nyuma yake. Ikiwa sala huangaliwa udhaifu wa maamuma, matembezi je? Mwendo wa familia ni ule wa mwenye miguu mizito.

Nawe mama, sema. Wanao wametumia jasho lao ili ufurahi, nao hawawezi kuyajua maumivu uliyowaficha. Kunyamaza kisha kuugua safarini ndiko kutakakowavunja moyo. Mshika mawili moja humponyoka, nasi tunaonelea ushike moja kila bandari, ulishike vyema, urudi nyumbani na la kuwasimulia wajukuu.

Wabillahi tawfiq.