Bati Letu na Plastiki Inayooza



Naomba nafasi kidogo katika gazeti letu nitoe maoni yangu juu ya mdahalo wa muhula uliopita. Hoja ilisema kwamba plastiki inayooza itatuokoa. Mwenzetu mmoja alisimama akasema kwa sauti kuu kuwa plastiki hiyo hutengenezwa kwa bati, na bati Rwanda tunalo, basi sisi ni matajiri tayari. Alipigiwa makofi mengi, na mimi nilipiga. Usiku ule nilianza kujuta, na leo nataka kueleza kwa nini.

Habari ya plastiki hakuna mtu wa Gisenyi asiyeijua. Sheria ya mwaka 2008 ilikataza mifuko, na ile ya 2019 ikaongeza vyombo vya kutumiwa mara moja na kutupwa. Pale Petite Barrière twawaona akina mama watokao Goma wakihamisha bidhaa zao kutoka katika mifuko na kuzitia vikapuni. Kwa hiyo mtu akisema kuna plastiki inayooza, ni haki tumsikilize. Lakini tumsikilize kwa akili.

Plastiki yenyewe hufanywaje? Sukari ya mahindi huchachushwa ikawa asidi ya laktiki, ile ile inayotia ukali katika maziwa ya mgando. Asidi hiyo hugeuzwa kuwa pete ndogo ndogo ziitwazo laktaidi. Pete iliyofungwa haishikani na mwenzake. Hapo ndipo bati linapoingia, wala si bati la kuezekea nyumba, maana hilo ni chuma kilichopakwa zinki. Ni madini yatokayo katika kasiteriti, ambayo kwetu huitwa gasegereti. Kampaundi ya bati iitwayo oktoeti huishika pete, huifungua, huiunga na ya pili, kisha ya tatu, mpaka mnyororo mrefu wa pete nyingi. Hicho ndicho kianzishi.

Sasa tuhesabu, maana wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Tani moja ya plastiki hii haihitaji hata kilo moja ya bati. Tuseme gramu 100. Huko Blair, Nebraska, Marekani, kiko kiwanda kilichoanza mwaka 2002, nacho chaweza kufanya tani 150,000 kwa mwaka. Kwa hesabu yetu, kiwanda kizima kingetosheka na tani 15 za bati. Nchi yetu huchimba kasiteriti kwa maelfu ya tani kila mwaka! Basi utajiri wa kazi hii hauko katika jiwe. Uko kwa yule ajuaye gramu 100 zitiwe lini, katika joto gani, na kwa nini.

Jambo la pili ni neno lenyewe, "inayooza". Huoza wapi? Plastiki hii huoza vizuri katika lundo la mboji lenye joto la karibu nyuzi 60. Ukiitupa katika Ziwa Kivu itakaa miaka mingi, labda uitupe penye chemchemi za maji ya moto kule Nyamyumba. Tukiitupa ovyo kwa sababu tumeambiwa inaoza, ufuo wetu utachafuka kama zamani.

Tena bati lililofanya kazi hubaki ndani ya plastiki, na baadhi ya kampaundi za bati ni sumu. Ndiyo maana wataalamu wanatafuta vianzishi vingine. Mwaka 2007 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza, walitangaza kianzishi cha germaniamu, ndugu wa bati aliye juu yake katika jedwali la elementi. Nayo germaniamu yatoka wapi? Iko hata kwa jirani zetu, katika mgodi wa Kipushi na katika lundo la mabaki ya shaba la Lubumbashi. Mwaka 2024 Kongo ilianza kuipeleka Ubelgiji ikasafishwe huko. Twaona basi kuwa mawe yatoka kwetu na kwa jirani, na kazi ya akili hufanywa mbali.

Mjomba wangu ni mchimbaji wa gasegereti. Nilimuuliza mawe yake huenda wapi. Akanijibu, "Mwana wa dada yangu, mimi huona mgongo wa lori tu." Jibu hilo ndilo lililoninyima usingizi. Mimi na wenzangu tunasoma kemia ili tupate alama, kisha tunaisahau. Nasi pia tutakuwa watu wa kuona mgongo wa lori?

Shauri langu ni dogo. Tuchimbe shimo la mboji nyuma ya bustani ya shule. Tufukie jani la mgomba na kipande cha plastiki iliyoandikwa kuwa inaoza. Kila Jumamosi tupime joto kwa kipimajoto cha maabara, tuandike katika daftari, na mwisho wa mwaka matokeo yachapwe katika gazeti hili. Ninyi mliotutangulia, mlio katika vyuo na migodi, tuandikieni mnayoyajua. Mdahalo ujao tuje na daftari, na makofi yaje baadaye.