Neno "Mwili" Lisisomwe Peke Yake

Mwaka juzi binti wa dada yangu, aliyekuwa kidato cha tatu katika shule moja ya bweni, alizirai kwenye paredi ya asubuhi. Ilibainika kuwa alikuwa amefunga siku nne akinywa maji tu, pasipo kumwarifu mwalimu yeyote. Nilimkuta hospitalini akiwa ametiwa maji mshipani. "Mjomba," akaniambia kwa sauti ya chini, "tulifundishwa ya kwamba mwili hauna faida yoyote. Ni maneno ya Yesu mwenyewe."

Sina ugomvi na saumu, wala si kazi yangu kuwafundisha wachungaji imani. Mimi ni mwalimu wa isimu. Hata hivyo, mhubiri mgeni aliyewapa wasichana wale fundisho hilo alikuwa amefanya kosa la lugha kabla ya kufanya kosa la dini, na juu ya makosa ya lugha nadhani nina ruhusa ya kusema.

Kila mwalimu wa Kiswahili anajua kwamba kichwa cha gari la moshi hakina nywele, na kwamba tukisema fulani hana kichwa hatumaanishi kuwa kimekatwa. Maneno yanayolizunguka neno "kichwa" ndiyo yanayotuongoza. Ajabu ni kwamba watu wale wale wenye akili timamu, wakifungua Biblia, huliacha jambo hili mlangoni. Hulishika neno moja, wakalipa maana moja, kisha wakaikokota maana hiyo kutoka Mwanzo hadi Ufunuo. Mtaalamu James Barr alilikemea kosa hilo mwaka 1961 katika kitabu chake The Semantics of Biblical Language. Alionyesha kuwa fikra za Maandiko zimo katika sentensi na habari nzima, wala hazimo katika neno lililong'olewa mahali pake.

Na tulitazame basi hilo neno "mwili". Agano Jipya liliandikwa kwa Kiyunani, na katika Kiyunani yako maneno mawili ambayo Biblia zetu za Kiswahili huyafasiri mara nyingi kwa neno hili moja. La kwanza ni soma, yaani kiwiliwili, huu mwili tunaouosha na kuulisha. La pili ni sarx, ambalo asili yake ni nyama, lakini mawanda yake ni mapana mno. Msomaji wa Kiswahili hana njia ya kujua ni lipi lililo mbele yake, ila kwa kuutazama muktadha.

Paulo anapowaambia Wakorintho kuwa mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu, neno lake ni soma. Hapo mwili una heshima kuu. Anapowaambia Warumi, katika sura ya 8, kwamba walio katika mwili hawawezi kumpendeza Mungu, neno lake ni sarx. Lakini hata asiyejua herufi moja ya Kiyunani angeweza kuling'amua jambo hili, kwa kuwa aya inayofuata inawaambia wasomaji wa barua ile kwamba wao hawamo katika mwili. Je, walikuwa mizimu? Walikuwa watu wa Rumi, wenye mikono, miguu na matumbo. Maadamu walikuwa na viwiliwili na bado wakaambiwa hawamo katika mwili, basi "mwili" hapo hauwezi kuwa kiwiliwili. Ni hali ya binadamu anayeishi kwa kujitegemea na kumpa Mungu kisogo.

Ukitaka ushahidi zaidi, isome orodha ya matendo ya mwili katika Wagalatia sura ya 5. Uasherati na ulevi umo, ndiyo. Lakini umo pia uadui, wivu, hasira, fitina na faraka. Haya hayaponywi kwa kunyimwa chakula. Nimepata kuwaona watu waliofunga siku nyingi wakatoka wakiwa na fitina zilizonona kuliko walivyoingia nazo.

Wafasiri wenyewe wamehangaika na neno hili. Biblia ya Kiingereza iitwayo New International Version, iliyokamilika mwaka 1978, iliepuka neno la mwili katika mahali pengi pa Paulo, ikaweka maneno yenye maana ya asili ya dhambi. Katika toleo la 2011 neno la mwili likarudishwa mahali pengi. Kwa maoni yangu walifanya vyema kulirudisha, maana tafsiri isiyomwachia msomaji kazi yoyote humfanya mvivu. Lakini neno likirudi, mwalimu hana budi kurudi pamoja nalo.

Turudi hospitalini. Fundisho lile lilitolewa katika Yohana 6, aya ya 63. Nilimwomba mpwa wangu afungue sura hiyo hiyo, aanze kusoma katika aya ya 51. Humo Yesu anasema kwamba atatoa mwili wake kwa ajili ya uzima wa ulimwengu, na kwamba mwili huo ni chakula cha kweli. Neno la Kiyunani ni lile lile sarx, katika sura moja, kinywani mwa msemaji mmoja. Kama mwili hauna faida kabisa, aya hizi kumi na mbili zifutwe. Zisipofutwa, basi aya ya 63 inawajibu wale waliolichukua neno lake kama habari ya kutafuna nyama, wakanung'unika.

Msichana alisoma polepole, kidole kikifuata mistari. Alipofika mwisho akarudi mwanzo, akasoma tena. Kisha akaniuliza, "Mjomba, kwa nini sisi tulisomewa aya moja tu?"

Muuguzi aliingia na uji kabla sijamjibu. Akaunywa wote.