Mlima Una Wenyewe

Juzi niliuzunguka mlima mmoja hapa Busi, wilayani Kondoa, nikiongozwa na mbwa wa mwenyeji wangu. Kila penye njia panda alishika njia ya mbuzi bila kusita. Nikakumbuka mwaka 1979, Serikali ilipoondoa mifugo katika ardhi ya Kondoa iliyomomonyoka, chini ya mradi wa HADO ulioanza 1973. Miti ilirudi, makorongo yakaanza kupona, hilo silikani. Lakini amri ilitoka juu, na gharama yake akaibeba mfugaji. Ndugu watumishi wa umma, kabla ya kuchora mpaka mwingine wa hifadhi, waiteni kwanza wanaozijua njia hizi. Ardhi iliyookolewa bila wenyewe hulindwa kwa askari, si kwa moyo.