Tunakataza Riba, Mkopo Mwema Uko Wapi?

Sifa zote njema zinamstahikia Allah (s.w.), na rehema na amani zimfikie Mtume Muhammad (s.a.w.). Amma baad.

Ndugu Waislamu, mtoto mmoja wa madrasa yetu hapa Maji ya Chai aliacha kuhudhuria kwa wiki tatu. Nilipouliza, nikaambiwa kuwa cherehani ya mama yake imechukuliwa na mkopeshaji, na mtoto anauza karanga barabarani. Mama huyo alikopa fedha za vitambaa vya sare za shule, katika ile mikopo ambayo watu wameiita "kausha damu". Benki zilimtaka dhamana, naye hati ya kiwanja hana. Khutba za kukemea riba alizisikia, lakini sisi tuliomkataza hatukumwonesha mlango mwingine.

Tunamshukuru Allah kuwa tangu mwaka 2011 nchi yetu ina benki inayoendeshwa yote kwa misingi ya sharia, nayo ni Amana Bank. Hata hivyo benki ni biashara, na mwenye kutaka shilingi 100,000 bila dhamana ni nadra kufika kwenye meza yake.

Kwa hiyo akina mama wengi wamekimbilia VICOBA. Mfumo huu, wenye asili katika vikundi vya wanawake vilivyoanzishwa Niger mwaka 1991, una hekima ndani yake. Wanachama ni majirani wanaojuana, fedha huhesabiwa mbele ya wote, na sanduku huwa na kufuli tatu ambazo funguo zake hushikwa na watu watatu. Kasoro yake ni riba. Tuseme mwanachama amekopa shilingi 200,000 kwa asilimia 10 kila mwezi, kwa miezi mitatu. Atalipa ziada ya shilingi 60,000, na mwisho wa mwaka ziada hiyo hugawanywa kwa hesabu ya hisa. Husemwa kuwa riba hiyo "inaturudia wenyewe". Naam, lakini inamrudia zaidi mwenye hisa nyingi, naye ni mwenye uwezo. Na anayeilipa ni aliyekopa kwa dhiki.

Hata hivyo, katika sanduku hilo hilo mna mfuko wa pili, mfuko wa jamii, ambao humsaidia mwanachama aliyefiwa au aliyeugua. Kumbe kusaidiana bila kutafuta faida tayari wanakujua! Vivyo hivyo ule mchezo wa kuchanga na kupeana kwa zamu. Al-Qalyubi, mwanachuoni wa madhehebu ya Shafii aliyefariki mwaka 1069 Hijria, ameutaja kuwa ni jambo mashuhuri baina ya wanawake, akanukuu kauli ya Waliyyuddin al-Iraqi kuwa unajuzu.

Wapo watakaosema kuwa fedha ya msikiti hairudi, kwa kuwa mkopaji ataihesabu sadaka. Hofu hiyo ina msingi, lakini ina jibu. Huko Pakistan, taasisi ya Akhuwat ilianza mwaka 2001 kwa mkopo mmoja wa rupia 10,000 kwa mwanamke mmoja, bila riba. Ikafanya misikiti kuwa mahali pa kukabidhi mikopo, na leo imewafikia mamilioni ya familia. Anayepokea mbele ya jamaa zake wa safu moja huona haya kutorudisha.

Nasi tuanze kwa kidogo. Mfuko wa mkopo mwema utengwe na fedha za ujenzi. Uwe na kufuli tatu, na mmoja wa washika funguo awe mwanamke. Kila deni liandikwe kwa mashahidi, kama inavyoamuru aya ya 282 ya Suratul Baqarah, ambayo ndiyo aya ndefu kuliko zote katika Qur'an. Mwenye dhiki apewe muda, kwa mujibu wa aya ya 280 ya sura hiyo hiyo. Aliyeshindwa kabisa alipiwe kutoka katika zaka, fungu la wenye madeni, lililotajwa katika Suratut Tawba aya ya 60. Na kikundi kisajiliwe, kwani Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imeviwekea vikundi vya kijamii daraja lake, la nne.

Msikiti unaoweza kuchangia zulia jipya hauwezi kushindwa kukomboa cherehani moja. Ijumaa ijayo, baada ya swala, waumini wabaki kidogo walizungumze jambo hili.

Wabillahi tawfiq.