FIGA MOJA HALIINJIKI CHUNGU

Nimeshika kalamu nizungumzie jambo linalotusumbua sana sisi wa kidato cha tatu: tukijaliwa kufika chuo kikuu, tusome nini? Maoni yangu ni haya. Anayependa uchumi asiusome pekee yake. Ausome pamoja na hisabati na takwimu.

Najua wengi mtaguna, "Hesabu tena?" Kwani si ndizo tunazozikimbia? Wengi wetu hupenda Masomo ya Biashara kwa sababu mtu anaweza kukariri maelezo, akayaandika, akapata alama zake. Basi wanadhani uchumi wa chuo kikuu ni hivyo hivyo. Wallahi watashtuka! Huko, bei ikipanda na wanunuzi wakipungua, huulizwi tu kwa nini. Unaulizwa wamepungua kwa kiasi gani, na umejuaje.

Tutazame mfano mdogo. Chukua wachuuzi 10 sokoni. Tisa kila mmoja anapata shilingi 500 kwa siku, na wa kumi, tajiri wao, anapata shilingi 20,500. Jumla ni shilingi 25,000. Gawanya kwa 10, wastani ni shilingi 2,500. Mtu akitangaza kwamba "mchuuzi wa hapa hupata shilingi 2,500 kwa siku", hajakosea hesabu hata kidogo, lakini amewasahau watu tisa! Hisabati imempa jibu. Takwimu ingemwonya autazame pia mchuuzi wa katikati, ambaye ana shilingi 500. Uchumi nao ungemfanya aulize huyo mmoja amewapitaje wenzake: ana duka, ana mkopo, au ana gari la kuleta mali? Ukiwa na somo moja tu kati ya hayo, unaweza kupandisha ushuru wa soko ukawaumiza wanyonge huku ukidhani umetenda haki.

Mfano mkubwa upo hapa hapa kwetu Kenya, kule Busia. Mwaka 1998 ulianza mradi wa kuwapa dawa ya minyoo watoto wa shule za msingi 75. Shule ziligawanywa katika mafungu matatu ya shule 25. Fungu la kwanza lilianza kupata dawa 1998, la pili 1999, na la tatu 2001. Kwa nini hawakuanza zote pamoja? Kwa sababu ukiwapa wote siku moja, na mahudhurio yakiongezeka, utajuaje kama ni dawa au ni mvua nzuri ya mwaka huo? Lazima uwe na wa kulinganisha naye. Hiyo ndiyo kazi ya takwimu.

Wataalamu wawili wa uchumi, Edward Miguel na Michael Kremer, walichapisha matokeo mwaka 2004. Waliripoti kwamba utoro katika shule zilizopata dawa ulipungua kwa kiasi cha robo, ingawa alama za mitihani hazikupanda. Tena waliona kwamba hata watoto ambao hawakumeza dawa walifaidika, maana minyoo ya kuambukizana ilipungua. Uchumi ndio uliouliza swali lenyewe: shilingi moja itumike wapi ili mtoto abaki darasani? Mwaka 2019 Kremer alishiriki Tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo, kwa sababu ya utafiti wa namna hiyo.

Lakini msidhani mambo yaliishia hapo. Mwaka 2015 wataalamu wengine walizipiga upya hesabu za Busia, wakakuta makosa kadhaa, hasa katika faida iliyodaiwa kufika shule za jirani. Ubishi ukawa mkali. Sasa nawauliza, asiyejua hesabu angeufuataje ubishi huo? Angebaki kumwamini aliyepaza sauti zaidi. Na dawa ile ilimezwa na watoto kama sisi.

Wapo watakaonipinga kwa kusema mshika mawili moja humponyoka, sembuse matatu! Nawaheshimu. Anayetaka kuwa bingwa wa hisabati tupu, na aisome hiyo peke yake. Ila masomo haya matatu si njia panda, ni mafiga ya jiko moja. Chuo Kikuu cha Nairobi, kwa mfano, kina shahada ya Uchumi na Takwimu, wala waliobuni shahada hiyo hawakuwa wakicheza.

Kwetu sisi wa shule ya kutwa, jambo hili si la mzaha. Karo zetu hutoka kwenye vibanda na mashamba madogo. Mzazi akiuza ng'ombe kwa ajili ya shahada, ni haki yake mtoto arudi na ujuzi unaoshikika.

Kwa hivyo, wenzangu, tusiitupe hisabati. Hesabu za uwezekano tunazosoma kidato hiki ndizo mlango wenyewe. Nao walimu wetu wa Hisabati na wa Biashara nawaomba, kwa heshima, watufundishe siku moja moja pamoja, watupe bei za soko letu tuzipigie hesabu. Hapo tutaona chungu kikichemka.